Ada ya Mwenyeji, Ada ya Mgeni na Gharama ya Kuhitimu

SOMO LA MARUDIO: Ufahamu, ufupisho na insha ya hoja

Malengo ya somo

Ukimaliza somo hili unatakiwa uweze:
(a) kueleza kwa nini chuo kikuu cha umma hutoza ada tofauti kwa mwenyeji na kwa mgeni;
(b) kukokotoa gharama halisi ya shahada na kiwango cha kuhitimu;
(c) kufupisha habari yenye takwimu bila kupoteza hoja kuu;
(d) kuandika insha ya hoja yenye pande mbili na msimamo unaoeleweka.

Mtahiniwa, usiseme chuo kikuu ni jambo la baadaye. Namba yako ya mtihani wa kidato cha nne itakufuata hadi siku utakapoomba udahili na mkopo, na jina litakaloandikwa kwenye cheti chako ndilo litakalolinganishwa na cheti cha kuzaliwa. Soma habari ifuatayo kwa makini, kisha fanya kazi zinazofuata.

HABARI

Sehemu ya A: Chuo cha umma ni cha nani?

Chuo kikuu cha umma huendeshwa kwa fedha za aina mbili. Kuna fedha inayotoka serikalini, yaani kodi za wananchi, na kuna ada anayolipa mwanafunzi. Kwa hiyo ada iliyoandikwa kwenye jedwali la chuo si bei kamili ya masomo. Sehemu ya bei imekwishalipwa na mlipakodi, na sehemu hiyo huitwa ruzuku. Mwenye duka wa Tunduma anayelipa kodi yake amechangia mshahara wa mhadhiri hata kama hana mtoto chuoni.

Hapo ndipo swali la mwenyeji na mgeni linapoanzia. Mwanafunzi atokaye nje ya eneo lililokusanya kodi, wazazi wake hawakuchangia ruzuku hiyo. Je, afaidike nayo sawa na mwenyeji? Nchi nyingi hujibu hapana, na kumtoza ada kubwa zaidi.

Mfano unaojulikana sana ni wa Marekani. Nchi hiyo ina majimbo 50, na kila jimbo lina vyuo vikuu vyake vya umma vinavyopata ruzuku kutoka katika kodi za jimbo. Kijana wa jimbo la Ohio akienda kusoma Chuo Kikuu cha Michigan, katika jimbo jirani, huhesabiwa kuwa mgeni na hulipa ada kubwa kuliko mwenzake wa Michigan, ingawa wote ni raia wa nchi moja. Jambo hili lilifika hadi mahakamani. Mwaka 1973, katika shauri la Vlandis dhidi ya Kline, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani ilisema kwamba jimbo linaweza kutoza ada mbili, lakini haliwezi kumfunga mwanafunzi katika hali ya ugeni kwa miaka yote ya masomo bila kumpa nafasi ya kuthibitisha kwamba amekuwa mkaazi wa kweli.

Tanzania haina utaratibu wa namna hiyo kati ya mikoa. Elimu ya juu ni miongoni mwa mambo ya Muungano. Mtoto wa Ndalambo, wilayani Momba, akidahiliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu cha Dodoma au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, hulipa ada ileile anayolipa mtoto aliyezaliwa jirani na geti la chuo hicho katika programu ileile. Mstari unaotenganisha ada kwetu ni uraia. Vyuo vingi vina ada ya Mtanzania na ada ya mgeni.

Sehemu ya B: Mpaka ulivyoingia chuoni

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwa kufundisha sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi tatu ziligawana kazi. Sheria ilisomwa Dar es Salaam, na Mganda au Mkenya aliyetaka kuwa mwanasheria alikuja huku akiwa mwanafunzi wa chuo chake mwenyewe. Makerere ilijulikana kwa udaktari na Nairobi kwa uhandisi. Mwaka 1970 muungano huo ulivunjika na kila nchi ikabaki na chuo kikuu chake. Tangu hapo, aliyevuka mpaka kwenda kusoma alivuka pia kutoka kundi la wenyeji kwenda kundi la wageni.

Ndani ya nchi nako mambo yalibadilika. Kwa miaka mingi serikali ya Tanzania iligharimia masomo ya chuo kikuu, na mwanafunzi alipewa hata posho ya kujikimu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaanza utaratibu wa uchangiaji gharama, ambapo mzigo ulihamishiwa hatua kwa hatua kwa mwanafunzi na mzazi. Ili watoto wa wasio na uwezo wasiachwe nje, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Zanzibar nayo ilianzisha bodi yake mwaka 2011.

Majirani walipita njia nyingine. Makerere ilianza mwaka 1992 kupokea wanafunzi wa kujilipia pamoja na wale wa serikali. Chuo Kikuu cha Nairobi kikafuata mwaka 1998. Ikawa raia wawili wa nchi moja, katika darasa moja, mmoja analipiwa na mwingine anajilipia ada kamili. Funzo lake ni hili: mstari wa ada mbili haufuati mpaka wa nchi peke yake. Hufuata mahali ambapo serikali imeamua kuacha kulipa.

Sehemu ya C: Ndalambo na upande wa pili wa mpaka

Kwa mtahiniwa wa Ndalambo jambo hili si la vitabuni. Wilaya ya Momba inapakana na Zambia. Tunduma na Nakonde ni miji miwili iliyotenganishwa na kituo cha forodha, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili. Chuo Kikuu cha Kapasa Makasa kilichopo Chinsali, katika jimbo hilohilo la Muchinga lenye mji wa Nakonde, kiko karibu na Tunduma kuliko ilivyo Dar es Salaam. Kwa umbali, kijana wa huku ni jirani. Kwa karatasi, ni mgeni.

Kuna mkataba unaogusa jambo hili. Septemba 1997 nchi za SADC zilitia saini Itifaki ya Elimu na Mafunzo, ambayo ilianza kutumika Julai 2000. Itifaki hiyo ina ahadi mbili muhimu. Kwanza, kila nchi itenge angalau asilimia 5 ya nafasi za vyuo vyake kwa wanafunzi wa nchi nyingine za SADC. Pili, ndani ya miaka 10 tangu itifaki ianze kutumika, wanafunzi hao watendewe kama wenyeji katika ada na malazi. Miaka 10 hiyo ilitimia mwaka 2010. Vyuo vikuu vingi vya Afrika Kusini huwatoza wanafunzi wa SADC ada ya masomo sawa na wenyeji, lakini si kila nchi mwanachama imefika hapo. Kwa hiyo usisome itifaki ukadhani umesoma jedwali la ada. Uliza chuo chenyewe, kwa maandishi, kabla ya kuuza ng'ombe.

Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo ilitangaza eneo la pamoja la elimu ya juu Mei 2017, katika mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam. Nia yake ni kurahisisha utambuzi wa vyeti na uhamaji wa wanafunzi. Lakini angalia: Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tanzania imo katika jumuiya zote mbili, Zambia imo SADC tu. Mtahiniwa anayeandika kwamba Mtanzania ana haki Zambia kwa sababu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki amejenga hoja juu ya kosa.

Ugeni una bei nyingine zaidi ya ada. Bodi za mikopo hukopesha raia wa nchi zao. Anayevuka mpaka huacha nyuma mlango wa mkopo wa kwao, na hana haki ya kuingia mlango wa mkopo wa wenyeji. Tena, akirudi na shahada ya nje, atahitaji Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, yaani TCU, iitambue. Ni busara kuuliza TCU kabla ya kuondoka, si baada ya kurudi.

Sehemu ya D: Gharama ya kuingia na gharama ya kutoka

Watu wengi huuliza, "Ada ni shilingi ngapi?" Swali hilo ni nusu tu. Nusu nyingine ni, "Wangapi humaliza, na kwa muda gani?" Shahada ya miaka 3 ikisomwa miaka 4 haina tena bei iliyoandikwa kwenye jedwali. Na aliyeacha njiani amelipa bila kupata cheti.

Kipimo cha jambo hili huitwa kiwango cha kuhitimu. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1990 inayovitaka vyuo kutangaza kiwango hicho. Wao huhesabu wanafunzi wa muda wote walioanza chuo kwa mara ya kwanza, kisha huangalia wangapi walihitimu ndani ya asilimia 150 ya muda wa kawaida. Kwa shahada ya miaka 4, hiyo ni miaka 6. Katika vyuo vyao vya umma vya shahada ya miaka 4, ni takribani wanafunzi 6 tu kati ya 10 wanaohitimu chuo walichoanzia ndani ya muda huo.

Vyuo vya umma vyenye ada kubwa kwa wageni, kama Michigan na Virginia, vina viwango vya kuhitimu vinavyozidi asilimia 90. Je, ada kubwa ndiyo inayowafanya wanafunzi wahitimu? Hapana. Vyuo hivyo huchagua wanafunzi wenye ufaulu wa juu, na wengi wao hutoka familia zenye uwezo. Mwanafunzi asiye na wasiwasi wa chakula cha jioni ana nafasi kubwa zaidi ya kumaliza. Mambo mawili yakienda pamoja, usikimbilie kusema moja limesababisha jingine. Hili ni kosa linalowapotezea watahiniwa hoja nzuri katika insha.

Kwetu, wanaokwama chuoni hawakwami kwa akili peke yake. Mkopo ukiwa mdogo kuliko mahitaji, pengo hujazwa na mzazi. Mvua ikigoma au bei ya mahindi ikianguka, pengo halijazwi. Mwanafunzi asipokamilisha ada anaweza kuzuiwa kufanya mtihani, kisha huahirisha mwaka. Mwaka ulioahirishwa una gharama yake, na deni la mkopo halifutwi kwa sababu hukuhitimu. Aliyekopa hudaiwa awe amemaliza au ameacha. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongeza deni kila mwaka, ilifutwa mwaka 2021.

ISTILAHI ZA KUKUMBUKA

Ada ya mafunzo: malipo ya kufundishwa, bila malazi wala chakula.
Ruzuku: fedha ya serikali inayopunguza mzigo wa anayelipa ada.
Udahili: kukubaliwa rasmi kujiunga na chuo katika programu fulani.
Uchangiaji gharama: utaratibu wa serikali, mzazi na mwanafunzi kugawana gharama za elimu.
Kiwango cha kuhitimu: asilimia ya walioanza pamoja ambao wamehitimu ndani ya muda uliowekwa.
Kuahirisha masomo: kusimamisha masomo kwa ruhusa ya chuo ili kuyaendeleza baadaye.

Zingatia: wanachuo wana rejesta yao. Husema "sapu" kwa mtihani wa marudio na "kudisko" kwa kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Maneno hayo yanafaa katika swali la rejesta, siyo katika insha rasmi.

MFANO WA HESABU

Takwimu zifuatazo ni za mazoezi tu. Si ada za chuo chochote. Mwanafunzi wa Ndalambo amepata nafasi katika vyuo viwili vya umma kwa shahada ya miaka 3.

Chuo cha mbali, kwa mwaka:
Ada 1,000,000
Malazi 350,000
Chakula 1,250,000
Nauli (safari 4 za 65,000) 260,000
Jumla 2,860,000

Chuo cha karibu, kwa mwaka:
Ada 1,300,000
Malazi 250,000
Chakula 1,000,000
Nauli (safari 4 za 15,000) 60,000
Jumla 2,610,000

Kwa miaka 3, chuo cha mbali kitagharimu shilingi 8,580,000 na cha karibu shilingi 7,830,000. Chuo chenye ada ndogo kimekuwa ghali zaidi kwa shilingi 750,000. Wahenga walisema, rahisi ni ghali.

Sasa geuza upande wa pili. Mwanafunzi akichukua miaka 4 katika chuo cha karibu, gharama yake, tukichukulia analipa mwaka mzima, itakuwa shilingi 10,440,000. Mwaka mmoja wa ziada umemeza akiba yote, na chuo cha mbali, kama angemaliza huko kwa wakati, kingekuwa na nafuu ya shilingi 1,860,000. Bado hatujahesabu mshahara ambao angeupata mwaka huo kama angekuwa kazini.

Kiwango cha kuhitimu hupatikana hivi: gawanya idadi ya waliohitimu kwa wakati kwa idadi ya walioanza, kisha zidisha kwa 100.

Chuo X: walianza 1,000, walihitimu kwa wakati 600. Kiwango ni asilimia 60.
Chuo Y: walianza 200, walihitimu kwa wakati 150. Kiwango ni asilimia 75.

Chuo X kina wahitimu wengi zaidi, lakini Chuo Y kina kiwango bora zaidi. Picha ya mahafali yenye majoho mengi haikuonyeshi waliobaki nyuma. Uliza walioanza.

MAMBO YA KUFANYA KABLA YA KUMALIZA KIDATO CHA NNE

Hili si swali la mtihani, lakini limewaponza wengi, hasa walio mpakani.

1. Pata cheti cha kuzaliwa sasa. Mwombaji wa mkopo hutakiwa kuwa na cheti kilichohakikiwa na RITA, au mamlaka husika kwa aliyezaliwa Zanzibar. Kama mzazi mmoja amefariki, tunza pia cheti cha kifo.

2. Linganisha majina. Kama shuleni umeandikishwa kwa jina moja na cheti cha kuzaliwa kina jingine, mwone mwalimu mkuu mapema. Kurekebisha jina kabla ya mtihani ni rahisi kuliko kuapa mahakamani baadaye.

3. Tunza namba ya mtihani. Namba ya kidato cha nne utakayotumia kuomba udahili iwe hiyohiyo utakayotumia kuomba mkopo. Ukitofautisha, mfumo hautakutambua.

4. Fahamu uraia wako. Mwenye mzazi mmoja Mtanzania na mmoja Mzambia anaweza kuwa na haki pande zote mbili akiwa mtoto, lakini Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa aliyetimiza miaka 18. Ofisi ya Uhamiaji ndiyo ya kuulizwa, siyo kijiwe cha bodaboda.

5. Jua njia zako. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali havitozi ada tangu mwaka wa masomo 2022/23. Anayekwenda stashahada naye asikate tamaa: kuanzia mwaka 2023/24 mikopo imeanza kutolewa kwa baadhi ya programu za stashahada.

KAZI YA UFUPISHO

Swali: Fupisha Sehemu ya A kwa maneno yasiyozidi 60.

Ufupisho wa mfano:
Chuo cha umma huendeshwa kwa kodi na ada. Kwa kuwa familia ya mgeni haikulipa kodi hiyo, nchi nyingi humtoza zaidi. Marekani hutofautisha ada kwa majimbo, japo mahakama ilisema mgeni apewe nafasi ya kuthibitisha ukaazi. Tanzania haitofautishi mikoa. Kinachoamua ada ni uraia.

Angalia kilichoachwa: jina la shauri, idadi ya majimbo, mfano wa Ohio na mwenye duka wa Tunduma. Hiyo ni mifano na maelezo ya nyongeza. Angalia kilichobaki: chanzo cha fedha, sababu ya ada mbili, na tofauti ya Marekani na Tanzania. Hizo ndizo hoja kuu.

KAZI YA INSHA

Swali: "Wanafunzi kutoka nchi jirani watozwe ada sawa na wenyeji katika vyuo vikuu vya umma." Jadili.

Neno "jadili" linadai pande mbili na msimamo. Usichague upande mmoja ukaimba.

Hoja za kukubali:
(i) Nchi za SADC zimekwisha kuahidi hivyo katika itifaki ya mwaka 1997.
(ii) Wanafunzi wetu nao watanufaika wakivuka mpaka.
(iii) Historia ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, 1963 hadi 1970, inaonyesha kuwa nchi zinaweza kugawana vyuo na kupunguza gharama.
(iv) Familia za mpakani hununua bidhaa na kulipa ushuru pande zote mbili.

Hoja za kukataa:
(i) Ruzuku hutokana na kodi za wananchi, na wengi wao bado hawajapata nafasi ya chuo kwa watoto wao.
(ii) Ada ya wageni huleta fedha za kigeni zinazosaidia kuendesha chuo.
(iii) Nchi yenye vyuo vingi na bora inaweza kupokea wanafunzi wengi kuliko inaowapeleka nje, ikabeba mzigo usio sawa.

Aya ya mfano katika kiini:
"Hoja ya kodi ina uzito, lakini haimalizi jambo. Mkulima wa Momba anayeuza mahindi Nakonde huchangia uchumi wa pande mbili za mpaka, ilhali mwanawe hutambuliwa upande mmoja tu. Kama nchi mbili zinapokeana wanafunzi kwa idadi zinazokaribiana, ruzuku ambayo kila nchi inatoa kwa mgeni inarudi kwa mtoto wake aliyeko kwa jirani. Mzigo huwa mzito pale tu idadi zinapopishana sana, na hilo linaweza kutatuliwa kwa kuweka kikomo cha nafasi badala ya kupandisha ada."

Aya hii imeanza kwa kukubali nguvu ya upande wa pili, ikatoa mfano, ikaeleza sababu, kisha ikapendekeza njia. Fuata mpangilio huo.

Makosa ya kuepuka:
Kuanza insha kwa methali isiyohusika. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" inavutia, lakini inahusu kazi, siyo ada. Ukiitumia, ieleze inavyoingia, usipoweza, iache.
Kutaja takwimu ulizobuni. Hoja isiyo na takwimu ni bora kuliko hoja yenye takwimu ya uongo.
Kumaliza bila msimamo. "Kwa hiyo pande zote ziko sawa" siyo hitimisho.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ada si bei kamili ya masomo katika chuo cha umma?
2. Taja tofauti moja kubwa kati ya Marekani na Tanzania katika kumtambua mgeni wa ada.
3. Itifaki ya SADC ya mwaka 1997 ina ahadi zipi mbili kuhusu wanafunzi wa nchi wanachama?
4. Chuo kilipokea wanafunzi 240, wakahitimu 168 kwa wakati. Kokotoa kiwango cha kuhitimu.
5. Mhitimu aliyeajiriwa kwa mshahara wa msingi wa shilingi 800,000 atakatwa kiasi gani kwa mwezi kulipa mkopo wa elimu ya juu?
6. "Chuo chenye ada kubwa huhitimisha wanafunzi wengi, kwa hiyo ada ipandishwe." Onyesha kosa la hoja hii.

MAJIBU ELEKEZI

1. Kwa sababu sehemu ya gharama hulipwa na serikali kwa ruzuku inayotokana na kodi.
2. Marekani humtambua kwa jimbo analoishi. Tanzania humtambua kwa uraia.
3. Kutenga angalau asilimia 5 ya nafasi, na kuwatendea kama wenyeji katika ada na malazi ndani ya miaka 10.
4. 168 gawanya kwa 240, zidisha kwa 100 = asilimia 70.
5. Asilimia 15 ya 800,000 = shilingi 120,000.
6. Mtoa hoja amechukulia mambo yanayoenda pamoja kuwa moja ni chanzo cha jingine. Vyuo hivyo huchagua wenye ufaulu wa juu, na wengi wao wana uwezo wa kifedha. Kupandisha ada kwa wasio na uwezo kunaweza kuongeza wanaoacha njiani.

Kama umekosa swali la 4 au la 5, rudia mfano wa hesabu. Kama umekosa la 6, rudia Sehemu ya D kabla hujagusa insha. Kisha funga kitabu, andika insha yote kwa dakika 40, umpe mwalimu au mwenzako aisome.